Bridges: Mwosha chupa aliyelea koo za nzi wa sayansi

MWAKA wa 1910, kijana yatima aliyeitwa Calvin Blackman Bridges alipewa kazi ya kuosha chupa katika maabara moja ya Chuo Kikuu cha Columbia, jijini New York. Chupa zenyewe zilikuwa za maziwa, na uchafu uliokuwamo ulikuwa mabaki ya ndizi zilizooza pamoja na nzi wadogo ambao watafiti walikuwa wamekwisha kuwahesabu na kuwatupa.

Siku moja, chupa i mkononi tayari kutiwa majini, aliona jambo lililomfanya asite. Nzi wa aina ile huwa na macho mekundu yaliyopoa, mfano wa rangi ya tofali. Mmoja kati ya wale waliokuwa karibu kuoshwa alikuwa na macho mekundu ya kung'aa. Wenzake walihitaji kioo cha kukuzia ili watambue tofauti ndogo kama hiyo. Bridges aliitambua kwa macho matupu, tena kupitia ubavu mnene wa chupa.

Profesa Thomas Hunt Morgan, aliyekuwa mwenye maabara, hakuhitaji kuambiwa zaidi. Alimwondoa kijana huyo kwenye kazi ya kuosha vyombo akamfanya msaidizi wake wa utafiti. Nzi yule naye alipandishwa, akazaa, na kizazi chake kikapewa jina la vermilion, kutokana na rangi ya macho hayo.

Bridges alikuwa na umri wa miaka 21. Alizaliwa Januari 11, 1889, mahali paitwapo Schuyler Falls, kaskazini mwa jimbo la New York. Mamake alifariki Calvin akiwa na umri wa miaka miwili, na baada ya mwaka mmoja hivi babake naye akafuata. Alilelewa na nyanyake, na masomo yake yalichelewa kiasi kwamba alipojiunga na Columbia mwaka wa 1909 kwa ufadhili, alikuwa mkubwa kuliko wengi wa wanafunzi wenzake. Ilimbidi afanye vibarua ili ajikimu. Kuosha chupa kulikuwa kimojawapo.

Chumba alichoingia kilikuwa nambari 613 katika jengo la Schermerhorn. Kilikuwa na upana wa futi 16 na urefu wa futi 23, kikiwa kimesongwa na meza nane. Wenyewe walikiita Chumba cha Nzi. Mkungu wa ndizi ulining'inia pembeni, mende walizagaa sakafuni, na rafu zilijaa chupa za maziwa zilizozibwa kwa pamba. Inasimuliwa kwamba baadhi ya chupa hizo ziliokotwa milangoni mwa majirani alfajiri, kabla muuza maziwa hajazikusanya.

Hapa pana jambo la kumweleza msomaji wa Kenya. Tutajapo nzi wa matunda, mkulima wa maembe wa Machakos au Makueni humfikiria yule mharibifu anayetoboa tunda likiwa bado mtini, hasa yule wa asili ya Asia aliyegunduliwa humu nchini mwaka wa 2003. Nzi wa Morgan na Bridges ni mwingine kabisa. Ni yule mdogo, wa urefu wa milimita mbili au tatu, anayezunguka ndizi zilizoiva kupita kiasi jikoni. Wanasayansi humwita Drosophila melanogaster.

Asili yake si New York. Anaaminika kuwa alitoka kusini mwa bara hili la Afrika, akafuata binadamu na vyakula vyake kote duniani. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2018 uliwakuta nzi hao wakiishi porini katika milima ya Matobo nchini Zimbabwe, wakifuata matunda ya mng'ongo. Aliyekuwa akihesabiwa katika jiji la New York, basi, alikuwa mhamiaji kutoka huku kwetu.

Sababu za kumchagua nzi huyu zilikuwa rahisi. Halili gharama. Penye joto la nyuzi 25, yai hugeuka kuwa nzi kamili kwa siku kumi hivi. Jike mmoja hutaga mamia ya mayai. Aidha, ana jozi nne tu za kromosomu, zile nyuzi zilizomo katika chembe za mwili. Anayetaka kujua jinsi watoto wanavyorithi sifa za wazazi hahitaji kungoja miaka kama mfugaji wa ng'ombe. Katika miezi michache huona vizazi kadhaa.

Lakini faida hiyo ina gharama yake, na hapo ndipo Bridges alipojipatia nafasi ambayo hakuna mwingine aliyeiweza.

Nzi mwenye macho mapya ni mmoja tu. Akifa bila kuzaa, sifa yake imekwenda naye. Ili ibaki, ni lazima apandishwe, wajukuu wake wachambuliwe mmoja mmoja, wenye sifa ile watengwe, wapandane wao kwa wao hadi ipatikane chupa ambayo kila aliyemo anaizaa sifa hiyo. Huo huwa ni ukoo. Na ukoo hauwezi kuwekwa kabatini kama kitabu au kukaushwa kama mbegu za mtama. Ni viumbe hai, na chupa yao huchakaa baada ya wiki chache. Chakula hukauka au huingia kuvu, hewa huchafuka, na waliomo hufa.

Kwa hiyo, kila baada ya wiki mbili au tatu mtu lazima achukue chupa mpya yenye chakula kipya, ahamishe baadhi ya nzi, azibe, aandike jina la ukoo na tarehe. Kisha chupa inayofuata. Kisha ile nyingine. Krismasi ikifika, nzi hawajui. Mlezi akiugua, hawajui.

Hatari zenyewe hazikuwa chache. Utitiri uliweza kuingia katika chupa moja na kuenea rafu nzima. Dume mmoja wa kawaida aliyetoroka kwingine akipenya katika chupa ya ukoo adimu, kazi ya miezi ilichafuka. Tena, nzi wengi wenye sifa zisizo za kawaida ni dhaifu kuliko wenzao. Ukiwaacha bila kuwachambua, walio na nguvu hushinda, na baada ya vizazi kadhaa chupa huwa na jina la ukoo ule ilhali ndani hamna tena nzi wake.

Kulikuwa pia na suala la saa. Jike wa nzi huyu huhifadhi mwilini mbegu za dume wa kwanza, kwa hiyo jike aliyekwisha kupandwa hafai kwa jaribio jipya. Kwa bahati njema, hapandwi katika saa chache za kwanza baada ya kutoka kwenye pupa. Anayetaka majike safi huondoa nzi wote chupani, hungoja, kisha hurejea kabla ya saa nane kupita ili awachukue waliozaliwa katikati. Huo ndio mwendo wa siku za mtunza nzi, asubuhi na jioni, na baadhi ya usiku.

Bridges aliishi hivyo kwa karibu miaka 28. Isitoshe, hakuridhika na kuifanya kazi hiyo kama alivyoikuta. Vioo vya mkononi ambavyo Morgan alivipenda aliviondoa mahali pake akaleta hadubini za macho mawili. Alibuni chupa maalumu ya kuwalaza nzi usingizi kwa mvuke wa etha ili wachambuliwe bila kuruka. Alitengeneza makabati yenye joto lisilobadilika, kwa kuwa nzi aliyekua penye baridi hutofautiana na yule aliyekua penye joto, na tofauti hiyo ikidhaniwa ni ya urithi, hesabu zote huharibika.

Hata ndizi ziliondoka. Ndizi moja si sawa na nyingine, na hugeuka uji unaowazamisha nzi. Mahali pake ulikuja ugali wa aina yake: unga wa mahindi uliopikwa kwa molasi, ukagandishwa kwa agari itokanayo na mwani, juu yake ikatiwa hamira ambayo ndiyo hasa chakula cha nzi hao. Mapishi ya namna hiyo bado yanapikwa katika maabara za nzi kote ulimwenguni. Mwaka wa 1932 Bridges alichapisha maelezo ya vifaa na mbinu zake zote, ili asiyewahi kukanyaga katika chumba chao aweze kufuata.

Wenzake walimtegemea. Alfred Sturtevant, rika lake aliyechora ramani ya kwanza ya mpangilio wa jeni kwenye kromosomu, iliyochapishwa mwaka wa 1913, hakuweza kutofautisha rangi vyema. Morgan alikuwa na mengine ya kushughulikia. Sehemu kubwa ya sifa mpya zilizovumbuliwa katika chumba kile zilitokana na macho ya Bridges, na kuhifadhiwa kwazo kulitokana na mikono yake.

Msomaji asidhani kwamba alikuwa mtumishi tu. Chupa alizozilea zilimpa ugunduzi wake mkubwa kuliko yote, nao ulitokana na kutopuuza nzi wachache waliokataa kufuata kanuni.

Kanuni yenyewe ilikuwa hivi. Jeni la macho meupe, ambalo Morgan alilibaini mwaka wa 1910, lilidhaniwa kuwa limo katika kromosomu iitwayo X. Jike ana X mbili, dume ana X moja na Y moja. Ukimpandisha jike mwenye macho meupe kwa dume mwenye macho mekundu, mabinti hupata X moja kutoka kwa baba, kwa hiyo huwa na macho mekundu, nao wana wa kiume humfuata mama. Ndivyo ilivyokuwa karibu kila mara. Ila mara chache sana, baina ya maelfu, alitokea binti mwenye macho meupe au mwana mwenye macho mekundu.

Wengine wangesema chupa imechafuka, wakawatupa. Bridges, ambaye alijua usafi wa chupa zake, alikataa. Alikisia kwamba wakati yai lilipokuwa likiundwa, X mbili za mama zilishindwa kuachana, zikaenda pamoja. Binti aliyezaliwa hapo angekuwa na X mbili za mama pamoja na Y ya baba. Aliwachukua mabinti hao wa ajabu, akatazama chembe zao chini ya hadubini, na hiyo Y akaiona mahali ambapo kwa kawaida haikutarajiwa kuwapo.

Tangu siku hizo haikuwezekana tena kudai kwa haki kwamba uhusiano wa jeni na kromosomu ni dhana tupu. Tasnifu yake ya uzamifu juu ya jambo hilo ndiyo iliyofungua ukurasa wa kwanza wa toleo la kwanza la jarida la Genetics, mwaka wa 1916. Mwaka uliotangulia, jina lake lilikuwa limeonekana pamoja na ya Morgan, Sturtevant na Hermann Muller kwenye jalada la kitabu kilichoweka misingi ya taaluma hiyo. Baadaye alionyesha kuwa jinsia ya nzi huamuliwa na uwiano wa kromosomu X na zile nyingine, si na Y.

Pamoja na hayo yote hakupata kuwa profesa. Tangu 1915 mshahara wake ulitoka katika Taasisi ya Carnegie ya Washington, na Morgan alipohamia California mwaka wa 1928 kuanzisha idara ya baiolojia katika chuo cha Caltech, mjini Pasadena, Bridges alihama naye akiwa bado msaidizi wa utafiti. Koo za nzi zilivuka bara zima pamoja nao. Mwaka wa 1933 Morgan alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Fedha zake aligawa baina ya watoto wake na watoto wa Sturtevant na wa Bridges, ishara ambayo yatosha kuonyesha kuwa alijua tuzo haikuwa yake peke yake. Sisi tunaohariri makala ya wengine tunaijua hali ya kazi isiyobeba jina la mtendaji. Hata hivyo, naona Morgan alitenda haki zaidi ya wakubwa wengi.

Jambo lingine ambalo Bridges alilishikilia ni kugawa. Katika jamii ya watafiti wa nzi ilikuwa desturi kwamba aombaye ukoo hupewa bila malipo, hata kama ni mshindani, naye hutarajiwa kutoa chake akiombwa. Nzi walisafirishwa kwa posta ndani ya vichupa vidogo. Muller aliwabeba hadi Moscow mwaka wa 1922, na utafiti wa Warusi ukachipuka kutoka hapo.

Mwaka wa 1934 Bridges na Milislav Demerec walianzisha jarida la Drosophila Information Service. Halikuwa la makala za kujitafutia sifa. Lilikuwa na orodha ya koo zilizotunzwa katika kila maabara, majina ya watunzaji, mapishi ya chakula, na ushauri wa kupambana na utitiri. Manufaa yake ni dhahiri kwa yeyote aliyewahi kupoteza kitu kisicho na nakala. Ukoo ukifia New York, orodha ilionyesha kama uko hai Berlin au Edinburgh.

Miaka yake ya mwisho aliitumia kuchora. Mnamo 1933 Theophilus Painter wa Texas alionyesha kwamba kromosomu za tezi za mate za buu wa nzi ni kubwa mno, zenye mistari kama ukanda uliotiwa nakshi. Bridges aliitazama mistari hiyo kama alivyowatazama nzi wa chupani. Ramani yake ya 1935 iligawa kromosomu zote katika sehemu 102, kila moja ikigawanywa tena kwa herufi kuanzia A hadi F. Mgawanyo huo haujabadilishwa hadi leo. Mtafiti anayetaja mahali pa jeni la nzi kwa nambari na herufi anatumia anwani za Bridges. Mwaka wa 1936 alichaguliwa katika Akademia ya Kitaifa ya Sayansi ya Marekani.

Nje ya maabara maisha yake hayakuwa na mpangilio uliokuwa kwenye rafu zake. Alioa mwaka wa 1912, lakini hakuficha kwamba hakuziamini kanuni za ndoa, na hatimaye aliishi mbali na familia yake. Mahusiano yake na wanawake yalimtia Morgan wasiwasi zaidi ya mara moja. Mtu yuyo huyo aliyeweza kufuata nasaba ya nzi kwa miaka na miaka hakudumu katika nyumba yake mwenyewe. Alipenda pia mitambo, akajiundia kwa mikono yake gari la magurudumu matatu lenye umbo la kupasua upepo, kisha akaliendesha katika barabara za Pasadena.

Alifariki Los Angeles mnamo Desemba 27, 1938, kutokana na maradhi ya moyo, wiki mbili kabla ya kutimiza miaka 50.

Kazi aliyoiacha ilikuwa ya aina mbili. Ya kwanza ilikuwa karatasi. Ramani zake mpya zilikamilishwa na mwanawe, Philip Bridges, katika miaka iliyofuata. Kumbukumbu zake za kila sifa ya nzi iliyopata kuonekana zilikusanywa na Katherine Brehme, zikachapishwa na Taasisi ya Carnegie mwaka wa 1944, nazo zikawa kamusi ya taaluma nzima.

Ya pili haikuweza kungoja mchapishaji. Chupa zilikuwa rafuni, na saa yao ilikuwa ile ile. Wenzake wa Caltech waliendelea kuzihamisha.

Mwaka wa 1939 alifika hapo mwanafunzi aliyeitwa Edward Lewis, ambaye hakumkuta Bridges hai. Miongoni mwa sifa alizozichunguza ni bithorax, ambayo Bridges aliigundua mwaka wa 1915. Nzi wa kawaida ana mbawa mbili, na nyuma yake vijiti viwili vidogo vya kujisawazishia angani. Katika bithorax, vijiti hivyo huanza kugeuka mbawa. Kwa miaka mingi lilionekana kuwa jambo la kushangaza tu. Lewis alikaa nalo zaidi ya miongo mitatu, akabaini kundi la jeni zinazouelekeza mwili kipi kiote wapi. Jeni za jamii hiyo zilikuja kupatikana kwa wanyama wengine, binadamu akiwemo. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1995, pamoja na Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus, miaka 80 baada ya nzi yule wa kwanza kuonekana.

Lewis pia alirithi jukumu la kusimamia mkusanyo wa nzi wa Caltech. Katika miaka ya 1980 mkusanyo huo ulihamishiwa Bloomington, katika Chuo Kikuu cha Indiana, ambako sasa kunatunzwa koo zaidi ya 70,000. Mbinu za kugandisha viinitete vya nzi kwa baridi kali zimekuwa zikijaribiwa tangu miaka ya 1990, lakini karibu koo hizo zote bado hutunzwa kwa njia ya zamani, wafanyakazi wakiwahamisha nzi kwa mikono kutoka kichupa hadi kichupa na kuwatuma kwa posta kwa maabara zinazoagiza.

Vermilion bado imo. Wazao wa nzi yule aliyekuwa karibu kuoshwa mwaka wa 1910 wamepita vizazi zaidi ya elfu moja, na macho yao yenye wekundu wa kung'aa hutumika kama alama katika maelfu ya koo mpya zinazotengenezwa kwa uhandisi wa jeni. Mtafiti huangalia rangi ya jicho, akajua kama jeni aliyoipandikiza imeshika au la.